Siku Sita za Wino Mmoja

Ni mimi niliyeyafuta maelezo ya wifi yangu. Aliniuliza ana kwa ana, katika chumba chake cha kazi kule Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nikiwa nimeshika kikombe cha chai aliyonipikia mwenyewe, nikamwambia si mimi. Nilisema bila kupepesa macho, kisha nikaomba sukari. Nimeendelea kukana kwa karibu miaka mitatu: kwake, kwa mume wangu, kwa wasomaji wangu, na zaidi kwa nafsi yangu, ambayo ndiyo msikilizaji mwepesi wa kudanganyika kuliko wote nilio nao.

Maelezo yenyewe yalikuwa mistari mitatu. Ili ieleweke mistari mitatu inawezaje kumkosesha usingizi mama wa makamo mwenye digrii mbili, lazima nianze na kazi yenyewe.

Kuna tovuti moja inayoweka picha za shajara za zamani za vikosi vya jeshi. Vitani, kila kikosi kilitakiwa kiwe na ofisa wa kuandika siku kwa siku: kimelala wapi, kimetembea hadi wapi, nani mgonjwa, mvua imenyesha au la. Karatasi hizo zilikaa kwenye maboksi muda mrefu. Sasa zimepigwa picha, na watu wa kujitolea kama mimi, kila mmoja kwao, wanausoma mwandiko wa wale maofisa na kuupiga chapa ili mtu yeyote mwenye simu aweze kusoma. Mimi niko kwenye rafu ya Afrika Mashariki, ile ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambako karibu kila ukurasa una wapagazi. Hao ni wanaume wa huku kwetu na wa ng'ambo ya mpaka, waliobeba mizigo ya jeshi vichwani, na ambao ofisa aliwataja kwa wingi, kama mtu anavyotaja magunia.

Naifanya kazi hii kwenye meza ya chakula, nyumbani Mundika, asubuhi kabla ya kwenda mjini Busia kufundisha, na mara moja moja huiandikia tovuti makala kuhusu ninachosoma. Hakuna malipo. Kuna kitu kibaya zaidi ya malipo, nacho ni rangi. Kila ukurasa hupewa watu wawili wasioonana. Wakimaliza, kazi zao humfikia msomaji wa mwisho, ambaye huzilinganisha bila kuambiwa nani ameandika ipi, akachagua na kusahihisha. Kazi yako ikipita bila kuguswa, hugeuka kijani. Ikiguswa, njano. Kando ya ukurasa kuna kisanduku cha maelezo, kwa Kiswahili, cha kuwasaidia wasomaji wa huku. Msomaji wa mwisho akifuta maelezo au akisahihisha kazi anatakiwa aandike sababu, ila mashine haimlazimishi. Ingemlazimisha, huenda leo nisingekuwa na hadithi.

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Alisoma Angurai hadi kidato cha nne, akaja Malaba, akaajiriwa na maajenti wa forodha, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kusoma karatasi za madereva wa malori na kuziandika upya kwa mashine. Hizo ni karatasi zilizokaliwa tangu Mombasa, zenye grisi, jasho na duara la kikombe, zimeandikwa na watu waliokuwa wakifikiria mambo mengine. Kazi ilipohamia kwenye kompyuta, makarani wakapunguzwa, naye akafungua chumba cha fotokopi karibu na maegesho ya malori.

Nilimhurumia. Naomba neno hilo likumbukwe. Nilimleta kwenye tovuti ile kama mtu anavyompelekea mgonjwa magazeti ya wiki iliyopita, ili ajishughulishe. Nilimwandalia hata mwongozo wa kurasa nne kuhusu miandiko ya zama zile, nikauchapisha, nikaupeleka mwenyewe Malaba. Alinishukuru sana. Nilipomtembelea tena niliuona mwongozo wangu juu ya mashine yake. Alikuwa akitumia upande wa nyuma kujaribia wino.

Miezi mitatu haikuisha kabla kurasa zake hazijaanza kuwa kijani. Sisemi baadhi. Nilikuwa nikifungua orodha yake kabla ya kupiga mswaki, nikishuka na kidole kutafuta njano kama mtu anavyotafuta chawa kichwani mwa mtoto wa jirani. Njano zilikuwa kwangu. Mimi niliyefundishwa na maprofesa kusoma hati za kale, nilikuwa nikiandika "haisomeki" pale ambapo yeye, mwenye kusoma huku anahudumia wateja, alikuwa ameandika jina la mto, jina la kilima, na uzito wa unga.

Siku moja nilijifanya mdadisi tu, nikamuuliza anasomaje.

"Nageuza," akasema.

"Unageuza nini?"

"Picha. Naiweka miguu juu. Ukisoma ikiwa wima unaona neno unalotaka wewe. Ukigeuza, neno linatoroka, unabaki na mkono wa mtu. Unaona alipofinya kalamu na alipochoka."

Nilirudi nyumbani nikageuza. Nilipata maumivu ya shingo.

Wivu wangu haukuwa wa kishujaa. Haukunifanya nisome zaidi. Ulinifanya nihesabu watu waliomshukuru kwenye tovuti, waliomwita "yule mama wa herufi kubwa" kwa sababu maelezo yake yote aliyaandika kwa herufi kubwa, kama fomu za forodha. Ulinifanya nimkasirikie mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumaliza makala yangu hata moja, lakini aliyesoma shajara nzima ya kikosi fulani cha mizinga, usiku baada ya usiku, kwa sababu dada yake ndiye aliyeipiga chapa. "Hii kitu ni tamu," aliniambia kitandani, simu ikimwangaza uso. "Wewe huandikangi hivi." Nilimweleza kwamba dada yake hakuiandika, ameinakili tu. Akasema, "Hata hivyo."

Basi mwezi wa Desemba mmoja, msomaji wa mwisho wa rafu yetu alikwenda likizo, nami nikaombwa nimshikie nafasi kwa wiki tatu. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma barua. Kurasa zikaanza kunijia, kila moja na kazi mbili zisizo na jina, na kati yake zikaja kurasa za ofisa mmoja aliyekuwa akisafiri na wapagazi msimu wa mvua.

Nilimpenda ofisa huyo. Shajara nyingi ni kavu, lakini yeye kwa siku sita mfululizo alikuwa ameandika jambo lile lile kwa upole: mvua kubwa, wapagazi wazima, chakula kimegawiwa. Siku sita. Niliona ndani yake mtu aliyewahesabu watu wake kila jioni kabla ya kulala. Nilikuwa nimeshaanza makala kuhusu siku hizo, na ilikuwa makala nzuri, yenye sentensi mbili ambazo nilikuwa nikizirudia bafuni.

Kisha nikafungua maelezo ya mwandishi wa pili. Yalikuwa kwa herufi kubwa.

SIKU HIZI SITA ZIMEANDIKWA KWA KIKAO KIMOJA. WINO MMOJA, MEZA MOJA. MVUA IMEANDIKWA LAKINI KARATASI HAIKUNYESHEWA.

Nilitazama picha tena. Kurasa za kabla ya hapo zilikuwa za penseli, zimefutika kwa maji, mistari inapanda na kushuka. Kurasa za baada ya hapo zilikuwa vivyo hivyo. Zile sita katikati zilikuwa za wino, mistari imelala sawa kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni. Hakuna tone. Hakuna neno lililokatwa. Na siku ya saba, penseli iliporudi, idadi ya wapagazi ilikuwa imepungua sana, bila hata neno moja la kusema wameenda wapi.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu yeyote adhani nilifuta kwa kutoelewa. Nilielewa kwa ukamilifu kwamba ofisa wangu mpole alikuwa ameketi mahali pakavu baada ya jambo baya, akajaza siku sita nzuri juu yake, na kwamba aliyeliona hilo ni mama wa fotokopi wa Malaba. Nilielewa pia kwamba makala yangu imekufa. Nikabonyeza futa. Mashine ikaniuliza sababu, nikaacha kisanduku kitupu, nikaenda kupika.

Mwezi wa Januari nilikwenda Malaba kutoa nakala za mtihani. Wifi alinipa kiti, akanipa chai, na kabla hatujaanza kuzungumza akaingia dereva wa lori, mtu mnene mwenye kandambili, akakanyaga kizingiti bila kupiga hodi.

"Nyabo, mama yangu, nisaidie kalamu. Tajiri ametuma mtu wa kukagua kitabu cha safari. Ako Eldoret ananingoja."

Wifi hakuinua macho. "Umeandika mpaka siku gani?"

"Bado kuandika."

"Tangu wapi?"

"Tangu Kigali."

"Siku ngapi hizo?"

"Tano. Na leo, sita."

"Sasa wewe unataka ukae hapo na kalamu moja uandike siku sita." Alikuwa akipanga karatasi zangu huku anasema. "Huyo mtu atakushika kabla afike ukurasa wa pili."

"Atajuaje, na hatukuwa na yeye?"

"Kalamu ni ile ile. Mkono umenyooka kama wa mtoto wa nasari. Hakuna mahali umekata. Mtu mwenye huandika kila siku lazima akosee tarehe hata mara moja. Halafu kwa steringi mkono unapanda, kwa goti unashuka. Yako yote italala sawa, kwa sababu umekalia kiti yangu."

Dereva akafikiri. "Basi nipe kalamu tatu, mama."

"Nikupe na goti?"

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanitazama. "Na huyu madam, ni wa kukagua?"

"Huyu ni mwalimu," wifi akasema. "Yeye hukagua watu wenye walikufa zamani. Wewe endelea kuishi, hana shida na wewe."

Dereva akatoka na kalamu mbili, akaketi kwenye ngazi, kitabu juu ya paja, akaanza kukosea kwa makusudi. Wifi akamtazama kidogo, na hapo ndipo alipogeuka kwangu.

"Kuna ofisa mmoja kwa zile shajara alifanya hivyo hivyo. Siku sita. Niliandika, wakafuta."

Nikasema, "Ah."

"Kufutwa si kitu. Hii maisha nimefutwa sana. Lakini kule forodha karatasi ikirudishwa inarudi na muhuri, na wanaandika kwa nini. Hata kama ni uongo, wanaandika. Huyu hakuandika kitu. Sasa mimi sijui kama nilikosea ama ni dharau." Akanywa chai. "Si wewe? Nasikia Desemba ulikuwa unashikilia."

"Si mimi."

"Sawa."

"Una sukari?"

Akanisogezea kopo. Nikatia vijiko viwili, nikakoroga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mimi nilipanda pikipiki na basi hadi Mundika, nikaketi kwenye meza yangu ya chakula, na kufikia alfajiri ya Jumapili nilikuwa na makala mpya kuhusu ofisa aliyeandika siku sita kwa kikao kimoja. Ilikuwa na wino. Ilikuwa na mvua isiyogusa karatasi. Ilikuwa na dereva wa lori "niliyekutana naye Malaba", na maelezo marefu, yenye mizani nzuri, ya jinsi mwandiko unavyopanda kwenye usukani na kushuka gotini. Chumba cha fotokopi hakikuwemo. Mwenye chumba hakuwemo. Nilijiambia kwamba wazo likipita katika vichwa viwili huwa la yule anayejua kulivisha nguo, na kwamba isitoshe yeye hasomi makala.

Hakuna kitu nilichowahi kuandika kilichosomwa kama kile. Tovuti iliweka makala ile juu kabisa ya rafu yetu. Chuo kimoja kilinialika nikazungumze. Na mzee mmoja wa Busibwabo alinisimamisha nje ya kanisa, akavua kofia, akaniambia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi, na kwamba nyumbani kwao siku zote walikuwa wakiambiwa kuwa jeshi liliandika kila kitu, na kwa kuwa jina lake halikuandikwa, basi alitoroka.

"Tumeishi na hiyo, madam. Ya kwamba ni mtoro. Sasa mjukuu wangu amenisomea yako. Kumbe hata wenye kuandika walikuwa wanajaza tu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akupe macho zaidi."

Nilikuwa na nafasi pale. Palikuwa na jua, watu wachache, na sentensi fupi ya kusema. Badala yake nilisema "Amina".

Wifi hakupiga simu. Mwisho wa mwaka tulikutana nyumbani kwao Angurai, ukoo mzima, na yeye ndiye aliyekuwa akipakua. Alinipakulia ugali wa wimbi na mboga za karanga, sehemu kubwa kuliko niliyostahili, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilisoma. Umeandika vizuri. Hata goti umeweka." Kisha akamwendea shemeji aliyefuata kwenye foleni.

Baada ya hapo aliacha. Ukurasa wake wa mwisho ulikuwa kijani, na chini yake hapakuja mwingine. Mume wangu alimuuliza, akajibiwa kwamba fotokopi ina kazi nyingi. Nilimwambia mume wangu kwamba watu wengi huchoka na kazi za kujitolea, ni jambo linalojulikana. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza swali la pili, kisha akarudi kwenye simu yake, ambako hapakuwa tena na kitu cha kusoma.

Nikabaki peke yangu juu ya orodha ya waandishi wa rafu yetu. Mtu angefikiri wivu huisha mshindani akifunga virago. Wangu ulihamia tu. Nilianza kumwonea wivu kwa kuweza kuacha, kwa kuwa na kazi nyingine ambayo watu huingia bila kupiga hodi kuomba msaada wako. Nilimwonea wivu hata kwa unyamavu wake, kwani mimi nikikasirika lazima niandike. Kijani zangu ziliongezeka, kwa kuwa waliobaki walikuwa wabovu kunizidi. Nilizitazama kila asubuhi. Bado nilikuwa nashuka na kidole mpaka kwenye jina lake.

Mwaka huu mratibu wetu, mama anayeishi mbali sana na mwenye barua pepe za adabu nyingi, aliniandikia. Rafu ya wapagazi ilikuwa inapata boksi jipya, kubwa, na safari hii walitaka msomaji wa mwisho wa kudumu. Walikuwa wamekubaliana kunipa mimi. Alieleza sababu: jicho lililoona siku sita. Alitaka jibu kufikia Ijumaa.

Hiki ndicho nilichokuwa nimekitaka kwa miaka yote, na kilikuja kimefungwa kwenye kitu cha wizi. Jumatatu niliandika barua ya kukubali. Jumanne nikaiandika upya, kwa unyenyekevu zaidi, jambo ambalo lilinichukua saa nyingi kwa sababu unyenyekevu wa uongo unahitaji kazi. Nilichokuwa nakiogopa si kwamba nitagunduliwa. Nani angegundua? Nilijua tu kwamba kuanzia hapo maelezo ya kila mtu kuhusu wapagazi yatapitia kwangu, na kwamba nimeshaona ninachofanya ninapokutana na mtu anayeona kunizidi. Yule mzee wa Busibwabo aliniombea macho. Mwenye macho nilikuwa nimemfuta.

Jumatano, ili kujipa moyo, nilichukua ukurasa mmoja wa boksi lile jipya kama mwandishi wa kawaida. Mwandiko ulikuwa wa ofisa wangu, yule yule wa siku sita. Ukurasa ulikuwa orodha ya aina fulani, wa penseli, umelowa na kukauka mara nyingi. Nilikaa nao asubuhi nzima. Nilipomaliza ulikuwa na "haisomeki" kumi na moja. Pale ambapo huenda palikuwa na majina kumi na moja, mimi nilikuwa nimeandika mara kumi na moja kwamba siwezi. Nikautuma.

Kisha nikafungua ukurasa wa zamani, ule wa siku sita, upande wa historia yake ambao wasomaji wa mwisho pekee huuona; ruhusa yangu ya Desemba ile haikuwahi kufungwa. Maelezo yaliyofutwa yalikuwa pale, yamekatwa mstari mwekundu katikati, na herufi zake kubwa bado zinasomeka. Karibu nayo kisanduku cha sababu, kitupu kama nilivyokiacha. Nilibonyeza nikaona kinakubali kuandikwa. Nikaandika: "Wivu." Nikahifadhi. Halafu nikamwandikia mratibu mistari minne, mifupi kuliko kitu chochote nilichowahi kumwandikia, nikimwambia aliyeona siku sita ni nani, aliyemfuta ni nani, na mahali pa kuangalia. Nikazima simu kama mtu aliyevunja dirisha.

Niliiwasha Ijumaa. Nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba ilipolia, na jina lililotokea lilikuwa la wifi, ambaye hakuwa amenipigia kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kuna msiba.

"Mwalimu."

"Wifi."

"Uko na watu?"

"Niko peke yangu."

"Watu wako wamenipigia. Yule mama wa ng'ambo. Anaongea Kiswahili kama redio." Nyuma yake lori lilikuwa linarudi nyuma, likipiga kengele yake. Alisubiri linyamaze. "Anasema uliandika sababu."

"Niliandika."

"Neno moja."

"Ndilo lililokuwepo."

"Mimi nilijua siku ile ile. Uliomba sukari. Wewe hunywi sukari tangu daktari akukataze, mimi ndiye nilikupeleka kwa daktari."

Nilikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwalimu wa kitu chochote, mbona hakusema.

"Niseme nini? Sababu inaandikwa na mwenye kufuta." Nilisikia akimpa mtu chenji, akimwambia akaunge karatasi kwa pini. Akarudi. "Wamenipa hiyo kazi. Ya kusoma mwisho."

Na hapo, wallahi, baada ya kuungama kote kule, wivu ukanirudia, mzima, mbichi, kana kwamba sijasema chochote kwa mtu yeyote.

"Hongera," nikasema.

"Usinipe hongera na hiyo sauti."

"Hongera, wifi."

"Sasa hiyo afadhali. Nimekubali na nimeshaanza, lakini niliwapa sharti. Wewe usitoke. Ubaki kwa wale wawili wa kwanza, kazi yako ikuje kwangu."

"Lakini msomaji wa mwisho haambiwi nani ameandika."

"Wewe nitakujua tu. Unawekanga koma mahali mtu anapumua." Akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza kwangu tangu siku ile ya Malaba. "Na ile stori yako, wanaweka jina langu juu yake. Yako inabaki chini. Umeandika vizuri, sikatai. Halafu yule mzee wa Busibwabo, mume wako aliniambia habari yake, utaenda umwambie wewe mwenyewe. Hiyo si kazi ya tovuti."

"Nitaenda Jumapili."

"Uende. Sasa uko karibu na kompyuta?"

Nikaingia ndani na mikono iliyolowa. Ukurasa wangu wa Jumatano ulikuwa umerudi. Ulikuwa njano, njano kutoka juu hadi chini, ila zile nafasi kumi na moja hazikuwa zimejazwa, na pembeni, kwenye kisanduku cha sababu, palikuwa pamejazwa kwa herufi kubwa.

HAISOMEKI SI NENO LA OFISA. KARATASI HAIJAGEUZWA. MISTARI NI MAJINA YA WATU, ANZA NA WA TATU, AMEANDIKWA POLEPOLE.

"Umesoma?" akauliza.

"Nimesoma."

"Uko na swali?"

"Sina."

"Basi geuza," akasema, na akakata simu.